Kifundo Kilekile Mara Saba, Kabla Mtu Hajanipima Nyonga

Kwa miaka 13 nilikuwa na mguu wa kulia ambao sikuuamini. Nikishuka ngazi nilishika ukuta. Nikipita njia za Pasua zenye makorongo nilitazama chini kila hatua. Uwanjani nilijipinda hewani ili nitue kwa mguu wa kushoto, hata pale mpira ulipokuja upande wa kulia, na kwa kujipinda huko nilipoteza pasi nyingi ambazo zilikuwa zangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina kibaraza jirani na soko la Mbuyuni. Jioni nacheza netiboli, nafasi ya senta, na akina dada wa mtaani kwetu. Naandika haya kwa mchezaji yeyote ambaye kifundo chake cha mguu kinateguka, kinapona, kinateguka tena, mpaka watu wa nyumbani wanamwambia ndivyo alivyoumbwa. Awe wa netiboli, wa kandanda, wa basketi, au mkimbiaji anayepanda ile barabara ya Mweka kujiandaa na Kilimanjaro Marathon. Niliyoyapitia yalinila fedha, kazi na miaka, na sehemu kubwa ingeepukika.

Mara ya kwanza ilikuwa 2010, nikiwa kidato cha tatu. Niliruka kudaka pasi, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, unyayo ukageukia ndani. Nilisikia kitu kikikatika, sauti ndogo kama uzi wa nailoni unapovutwa mpaka mwisho. Jioni ile nilipelekwa kwa bibi yangu Kibosho. Bibi akachemsha maji, akatia chumvi, akanikanda kwa nguvu mpaka nikalia, kisha akanifunga kwa kipande cha kitenge. Alifanya alichokijua na alikifanya kwa upendo. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba mpaka vidoleni.

Mguu ukiteguka, siku mbili za mwanzo si za maji ya moto wala za kukandwa. Joto na mikono yenye nguvu vinazidisha damu inayovujia ndani, na uvimbe unakua. Weka barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa, kama dakika 15 kwa mara moja, kisha uitoe. Funga bandeji ya kubana kiasi, na ukilala mguu uwe juu ya mito, upite usawa wa moyo. Hapa kwetu barafu si kitu cha kutafuta mbali. Duka lolote lenye friji lina mifuko ya maji yaliyoganda.

Baada ya siku tisa nilirudi uwanjani. Kulikuwa na mechi, na maumivu yalikuwa yameisha. Hilo nalihesabu kuwa kosa lililozaa mengine yote: niliamini kwamba maumivu yakiisha basi nimepona. Siku zile hakuna aliyenieleza kwamba upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazoshikilia mifupa, na ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo huchanika kwanza. Wala sikujua kwamba kano haishiki mifupa tu. Ndani yake mna vihisio vinavyoupasha ubongo habari kwamba mguu umeanza kulala upande. Kano ikishachanika au ikalegea, habari ile inafika imechelewa, na misuli inapoitwa kuja kuokoa, mguu umeshakunjika. Inakadiriwa kuwa hadi watu 40 katika kila 100 wanaoteguka kwa mara ya kwanza wanaweza kubaki na kifundo kisicho imara. Mimi nilikuwa mmoja wao, nami nikadhani ni mkosi.

Sitasimulia mara zote saba. Ya pili niliteleza pembeni mwa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, nikitoka shamba. Ya tatu na ya nne zilikuwa uwanjani. Ya tano nilikuwa nateremka kwenye daladala, hakuna mchezo wala mbio, ni kushuka tu. Katikati ya hizo kulikuwa na mara nyingi ndogondogo ambazo kifundo kilikunjika nusu, nikajishika, moyo ukapiga kwa nguvu, nikaendelea kutembea kana kwamba hakuna aliyeona.

Kila mara nilitibu pale palipouma. Nilinunua raba soko la Memorial, zile za shingo ndefu, jozi tatu kwa miaka tofauti, kati ya shilingi 35,000 na 45,000 kila moja. Nilikwenda kwa mama mmoja anayekanda viungo, shilingi 5,000 kila safari, na nilikwenda mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilichomwa sindano ya maumivu kwenye zahanati moja, nikaambiwa nipumzike wiki mbili, basi. Kwingine niliambiwa niache michezo nishughulike na maisha. Kabla ya mechi nikawa nameza diklofenaki ili nisisikie. Hilo naomba mtu asinifuate kabisa. Dawa ya maumivu haiongezi uimara wowote kwenye kifundo. Inaziba mdomo wa kitu kinachojaribu kukuonya, na tumbo nalo linaumia.

Kuna jambo lingine lililonishikilia, nalo ni la kwetu sote. Tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, ambaye mwaka 1968 kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza mbio zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Naiheshimu hadithi ile na kila nikiisikia inanigusa. Lakini wengi wetu tumechukua ile bandeji tu. Tunacheza na majeraha kwenye mechi za kawaida za Jumamosi, wiki baada ya wiki, tukidhani huo ndio ushujaa. Ile ilikuwa mbio moja ya maisha yake, tena akiwa amebeba nchi.

Mara ya saba ilikuwa Desemba 2023. Fundi yeyote wa nguo anajua Desemba ni nini: sare za shule. Nilikuwa nimepokea oda ya sare 46 za kukabidhi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Jumamosi nikaenda kucheza, nikaruka, nikatua kwa mguu wa kulia wakati mwili unageuka kutafuta wa kumpa pasi. Kifundo kikaenda. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ni huohuo. Siku tatu sikuweza kukanyaga hata kidogo. Oda ile niligawa kwa mafundi wengine, nikapoteza kama shilingi 180,000 na mteja mmoja ambaye hajarudi mpaka leo. Usiku wa siku ya pili nililia, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa na miaka 30 na nilianza kuuogopa mwili wangu.

Mwenzangu wa timu ndiye aliyenisukuma niende idara ya fiziotherapia hospitalini. Nilitegemea nitakuta mzee mwenye koti jeupe. Nilimkuta binti mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo dada, akanikalisha. Kwanza alitaka kujua kama mfupa uko salama. Aliuliza kama niliweza kupiga hatua nne pale nilipoumia na kama naweza kuzipiga sasa. Akabonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo, sentimita sita za chini, kisha mfupa wa katikati ya unyayo upande wa kidole kidogo, kisha mfupa wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Alinieleza kwamba utaratibu huo unatokana na kanuni zilizoanzia Ottawa, Kanada: ukishindwa hatua nne pale ulipoumia na hata unapopimwa, au mojawapo ya sehemu hizo ikiuma ikibonyezwa, unahitaji eksirei. Mimi nilitembea, na mfupa haukuuma. Akaniambia hela ya picha niiweke kwa ajili ya mazoezi. Nilikuwa nimeshapiga eksirei mara mbili miaka ya nyuma, zote zikionyesha mfupa mzima, na hakuna aliyenieleza kwamba kano haionekani kwenye eksirei.

Kisha akanipa maswali tisa kuhusu kifundo: kinauma lini, kinayumba ukishuka ngazi, ukisimama mguu mmoja unajisikiaje, kikianza kukunjika unaweza kukizuia. Alama kamili ni 30, na anayepata 24 kushuka chini anahesabiwa kuwa kifundo chake si imara. Mimi nilipata 11.

Nikadhani sasa atashika kifundo. Akaniambia nilale ubavu wa kushoto, mguu wa kulia juu, niunyooshe na kuuinua. Nikauinua. "Kaza dada, usiniachie," akasema, akaweka vidole viwili juu ya mguu, karibu na kifundo, akasukuma chini. Mguu ukashuka. Nikafikiri sikuwa tayari, nikamwomba arudie. Akarudia, kwa vidole vilevile viwili, ukashuka tena, na nyonga ikaanza kutetemeka. Tukageuka upande wa pili. Mguu wa kushoto alilazimika kuusukuma kwa kiganja chote na bado ulibaki juu.

Baada ya hapo alinisimamisha mbele ya kioo kirefu. Kwa kalamu ya wino akaweka nukta mbili kwenye fulana, moja kila upande, pale mfupa wa nyonga unapojitokeza mbele. Nisimame kwa mguu wa kushoto: nukta mbili zikabaki sambamba. Nisimame kwa mguu wa kulia: nukta ya upande wa kushoto ikashuka taratibu, na kiwiliwili changu kikalalia kulia kujisawazisha. Nilikuwa naiona kwa macho yangu. Kwa miaka yote ile, kila nilipotua kwa mguu wa kulia, uzito wangu wote ulimwagikia upande wa nje, na kifundo chenye kano zilizolegea kiliachwa peke yake kuuzuia.

Nilielewa kwa lugha ya kazi yangu. Mteja analeta gauni limechanika kwapani. Fundi mchanga anashona pale palipochanika, na baada ya wiki mbili gauni linarudi limechanika palepale. Kosa liko begani, bega limekatwa finyu, kila akinyanyua mkono kwapa ndilo linalovutwa. Kifundo changu kilikuwa kwapa. Nimekishona mara saba.

Yule mtaalamu alinieleza hivi. Pembeni mwa makalio, chini kidogo ya kiuno, kuna msuli unaoshikilia nyonga isidondoke unaposimama kwa mguu mmoja. Huo pamoja na jirani zake ndio wanaoamua unyayo utawekwa wapi kabla haujagusa chini. Misuli ya kifundo ni midogo, inafanya marekebisho madogo ya mwisho. Ikiwa nyonga imepeleka mguu mahali pabaya, kifundo hakina muda wa kurekebisha. Watafiti waliowapima watu wenye vifundo vinavyoteguka mara kwa mara wamekuta nyonga ya upande uleule mara nyingi ni dhaifu kuliko ya upande mzima. Na netiboli inatutesa zaidi kwa sheria zake zenyewe: ukidaka mpira ukatua kwa mguu mmoja, mguu ule haurudi chini ukishanyanyuliwa mpaka mpira umetoka mkononi, na una sekunde tatu tu za kuutoa. Kwa hiyo unasimama juu ya mguu mmoja, mwili umebeba kasi, unazungusha kifua kutafuta mwenzako. Kazi hiyo yote ni ya nyonga. Mimi nilikuwa nashinda nimekaa kwenye cherehani saa tisa au kumi kwa siku.

Tulianza katikati ya Januari 2024. Siku tatu kwa wiki, mizunguko mitatu ya marudio kumi hadi kumi na mbili, na hakuna kifaa wiki mbili za kwanza.

Zoezi la kwanza lilikuwa lilelile lililoniumbua: kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Linaonekana la watoto. Nililifanya vibaya siku nne nzima bila kujua, na ndilo kosa ninaloliona kwa kila mtu ninayemwonyesha. Vidole vya mguu vikielekea dari, kazi inahamia kwenye msuli wa mbele ya paja, na wewe unahesabu kumi na mbili ukiridhika huku msuli wa pembeni umelala. Dawa yake ni ukuta. Lala ubavu, mgongo na makalio vikigusa ukuta, kisigino cha mguu wa juu kiguse ukuta pia, vidole vitazame mbele au vishuke kidogo, kisha telezesha kisigino juu kwa kukiburuta ukutani. Kama kiasi cha futi moja kinatosha. Bakiza juu kwa sekunde mbili, shusha polepole kuliko ulivyopandisha. Uchovu uje pembeni mwa makalio, pale unapoweka kiganja ukisimama mikono kiunoni na kukishusha kidogo. Ukija mbele ya paja, simama, jipange upya.

La pili ni kulala ubavu magoti yamekunjwa, visigino vimeungana, unafungua goti la juu kama unavyofungua kitabu. Hapa kosa ni kuuacha mwili mzima ubingirike nyuma ili goti lifunguke zaidi. Fungua kidogo, nyonga isiondoke mahali pake. La tatu ni kulala chali, magoti yamekunjwa, kunyanyua makalio. Wiki mbili kwa miguu yote miwili, baadaye mguu mmoja mmoja, na mguu mmoja unapoanza utajua upande gani unakudanganya.

Wiki ya tatu aliniambia nitafute mpira wa kuvuta. Madukani niliona mipira mizuri kwa bei nisiyoiweza mwezi ule. Nikakaa kwenye cherehani. Nilisimama miguu imeachana upana wa nyonga, nikapitisha futikamba kuzunguka mapaja yote mawili juu kidogo ya magoti, nikapata sentimita 78. Nikanunua lastiki nene ya sketi, ile pana ya inchi mbili, mita mbili kwa shilingi 4,000. Nikaikata na kuikunja iwe tabaka mbili, duara la sentimita 62, ncha zikapandana sentimita tatu. Kwenye maungio nikashona sanduku na msalaba katikati, kama tunavyoshona mikanda ya mabegi, kwa sababu mshono mmoja wa kukatiza ungefumuka siku ya kwanza. Lile duara bado ninalo. Kwa anayecheza mpira na hana cherehani, tyubu ya zamani ya baiskeli kwa fundi inafanya kazi hiyohiyo; ikate pana na uifunge juu ya suruali, isivute vinyweleo.

Lile duara likivaliwa juu ya magoti, unakunja magoti kidogo na kutembea kwa ubavu, hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Miguu isigusane, lastiki isilegee hata mara moja, vidole vitazame mbele. Kifua kisiyumbe kama bata. Baada ya mizunguko mitatu nilikuwa nahisi moto pembeni mwa makalio yote mawili, moto ambao katika miaka yote ya netiboli sikuwahi kuuhisi.

Wiki ya tano tukaanza mazoezi ya kusimama. Juu ya ngazi ya chini kabisa pale nyumbani, kimo cha kama sentimita 15, mguu wa kulia unabaki juu, wa kushoto unashuka polepole mpaka kisigino kiguse sakafu bila kuwekewa uzito, kisha unarudi. Goti lisiangukie ndani. Litazame kidole cha pili. Nilimwomba mdogo wangu akae mbele yangu aseme nyonga ikishuka. Lingine nalipenda kuliko yote: simama mguu mmoja, goti limelegea kidogo, inama kutoka kwenye nyonga kama unaokota sindano sakafuni, mguu wa nyuma ukinyooka, rudi juu. Mwanzoni nilikuwa naokota sindano kweli, na ikawa sehemu ya kazi yangu pale kibarazani kila sindano ikidondoka.

Nisimdanganye mtu kwamba nyonga peke yake ilimaliza. Pamoja na hayo nilifanya ya kifundo chenyewe: kuvuta unyayo kwenda nje dhidi ya lastiki ili kuamsha misuli ya nje ya muundi, kupanda kwa vidole kwa mguu mmoja, na kusogeza goti liguse ukuta kisigino kikiwa chini ili kifundo kikunjike vizuri. Tena kulikuwa na kusimama mguu mmoja kila asubuhi nikipiga mswaki, sekunde 30, baadaye macho yamefumbwa. Siku ya kwanza ya kufumba macho nilihesabu nne tu nikashika sinki. Mtu akikuambia fanya nyonga tu au fanya kifundo tu, amekupa nusu.

Kupima maendeleo nilitumia chaki ya ushonaji. Nilichora sakafuni mistari mitatu kutoka nukta moja: mmoja mbele, mwingine nyuma kwa kushoto, wa tatu nyuma kwa kulia. Unasimama kwenye nukta kwa mguu mmoja, mwingine unaupeleka mbali uwezavyo juu ya mstari, unagusa kwa ncha ya kidole bila kuegemea, unarudi. Nikapima kwa futikamba. Januari, nikisimamia mguu wa kulia, mbele nilifika sentimita 52 na nikisimamia wa kushoto 61. Tofauti ya sentimita tisa, mtu yuleyule. Mwisho wa Machi wa kulia ulikuwa 58.

Machi hiyohiyo niliharibu. Pasaka ilikuwa tarehe 31, nguo za sikukuu zilijaa mpaka juu ya meza, nikashona hadi usiku na nikaacha mazoezi wiki mbili na nusu. Nilijiambia nimeshapona. Jumatatu ya Pasaka tukacheza mechi ya kirafiki, robo ya pili kifundo kikakunjika. Hakikufika mwisho, nilijishika, lakini nilitoka nje nikakaa chini natetemeka kwa hasira. Yule dada wa fiziotherapia hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba nilikuwa nimeruka hatua: nilijenga nguvu ya kulala na kusimama, lakini kutua sikuwa nimekufanyia mazoezi kabisa, na hata ile nguvu niliyoijenga nilikuwa nimeiacha ishuke.

Kwa hiyo Aprili na Mei zilikuwa za kutua. Kuruka kidogo mbele kwa mguu mmoja, kutua, kuganda sekunde tatu bila kuyumba, goti limekunjika na nyonga ziko sambamba. Kisha kuruka kwa ubavu. Kisha kuruka na kugeuka robo duara hewani. Mwisho kabisa ndipo mwenzangu alianza kunirushia mpira nikiwa hewani, nitue, nigande, nitoe pasi. Mara kumi upande mmoja, mara kumi upande wa pili, kabla ya mazoezi ya timu, siyo baada, maana mwili uliochoka hujifunza kutua vibaya. Mvua za masika zilipolowesha kiwanja nilifanyia barazani.

Juni nilirudi kucheza mechi nzima. Kifundo nakifunga kwa kishikizo cha kitambaa kila mechi, nilikinunua shilingi 30,000, na kwa aliyewahi kuteguka kinasaidia kupunguza kurudia. Sikivai kwenye mazoezi ya nyonga. Hesabu yangu yote hospitalini ilikuwa safari sita: 20,000 ya kwanza na 15,000 kila moja ya zilizofuata. Ukijumlisha kishikizo na lastiki ni shilingi 129,000. Nikilinganisha na raba, kukandwa, sindano, eksirei na zile sare 46, napata uchungu, maana miaka 13 ilimeza mara kadhaa ya fedha hizo.

Yale maswali tisa nilijibu tena Julai nikapata 23. Bado haijavuka mstari. Kwenye mteremko wenye kokoto bado natazama chini. Siku mbili kwa wiki zimebaki, Jumanne na Ijumaa kabla ya kufungua kibaraza, dakika 20, na nikiruka wiki nzima mguu unaniambia. Mtu ambaye kifundo kinakwama kwa ndani, kinagonga, au kinauma kwa kina baada ya miezi ya mazoezi ya kweli, asiendelee kujikaza. Huenda gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, imeumia na anahitaji daktari wa mifupa.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye ameanza kuchezea timu yetu, alitua vibaya akakaa chini ameshika kifundo. Tulitia barafu, tukafunga, akatembea hatua nne. Wiki ya tatu alipokuja akisema amepona na anataka kucheza, nilimwomba aje kwanza kibarazani. Nilitandika kanga nyuma ya meza ya kukatia.

"Lala ubavu, mdogo wangu. Inua mguu. Kaza, usiniachie."

Nikaweka vidole viwili. Mguu ukashuka. Akanitazama, akasema, "Dada, sikuwa tayari, rudia." Nikarudia, ukashuka tena. Nikavua futikamba shingoni, nikamsimamisha, nikampima mapaja.